Soga tunapiga sisi, porojo wanapiga wengine: wana Moshi na Arusha njooni tulichambue hili

Mpita Njia wa Rau (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna neno nataka tuligeuzegeuze leo: porojo. Ukifungua kamusi utakuta porojo na soga ni majirani kabisa, yote mawili ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Ila huku mtaani sivyo. Soga tunapiga sisi, porojo wanapiga wengine. Mtu atakwambia, "Jana tumekaa na shemeji tukapiga soga mpaka saa sita usiku," na uso unang'aa. Mwambie huyo huyo, "Kumbe mlikuwa mnapiga porojo," uone kama hamtakosana.

Ushahidi wangu ni wa hapa hapa Moshi. Nyuma ya soko la Mbuyuni kuna kijiwe cha kahawa, wazee hukaa hapo kuanzia alasiri. Dele liko kwenye mkaa, vikombe vinasuuzwa ndooni, kashata ziko kwenye sinia chini ya nailoni. Mada zao mnazijua: bei ya kahawa, vihamba, yaani mashamba ya ukoo, ambavyo watoto wanauza baba akishazikwa tu, Simba na Yanga. Juzi bodaboda mmoja, kijana wa adabu zake, alisimama kusubiri abiria akasema huku anacheka, "Wazee na porojo zenu!" Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Kijana, sisi hapa tunazungumza. Porojo ziko huko mnakopaki." Kijiwe kizima kikanyamaza. Kijana akaomba radhi, akawalipia kahawa mzunguko mmoja, yakaisha.

Sasa swali: kawaudhi kwa lipi? Hakusema wanadanganya. Hakusema wanasengenya. Kuna nini ndani ya porojo ambacho kwenye soga hakimo? Na umbea, domo, gumzo, longolongo, vinakaa wapi? Wataalamu wa lugha msijifiche.

Chalii wa Ngarenaro

Mkuu, huku Chuga, yaani Arusha, porojo mara ya mwisho nimelisikia kwa mwalimu wa zamu. Sisi tunapiga stori, tunabonga. Ukizidisha unaambiwa "chalii unachonga sana", ukiendelea wanakuacha na soda yako.

Ila stori hata ikiwa haina kichwa wala miguu ni stori tu. Wiki iliyopita tumemaliza jioni nzima nje ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid tunabishana kipa gani alikuwa bora enzi za wazee wetu, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwona hata mmoja akidaka. Hakuna aliyeshinda. Kesho yake tukaanza upya. Angetokea mtu akasema hizo ni porojo tungemuuliza yeye ana ratiba gani ya maana.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba kwa wote mtakaoniamkia baadaye.

Mpita Njia, nianze na lililo dogo. Maneno haya karibu yote yameolewa na kitenzi kimoja: piga soga, piga porojo, piga gumzo, piga domo, piga stori, piga michapo, piga zogo. Hakuna anayefanya soga. Kinachofanywa ni mazungumzo, nayo yana ajenda, mwenyekiti na maji ya chupa mezani. Kipo pia kitenzi sogoa, ila huku kwetu hukisikii sana, watu wanapenda kupiga.

Sasa la huyo bodaboda. Soga haidaiwi matokeo. Inatakiwa iwe tamu, basi, ndiyo maana tunasema soga zimenoga. Porojo ni maneno ya mtu ambaye ulitarajia afanye kitu. Mgombea aliyeahidi daraja. Mwanafunzi anayejieleza dakika kumi kwa nini hakuandika insha ya mistari kumi. Kwa hiyo kijana alipowatamkia wazee wale porojo, aliwaambia kwa mzunguko kwamba muda huu walitakiwa wawe na shughuli nyingine. Mzee aliyelima kahawa tangu ujana wake hapendi kuulizwa na mtoto wa jana mbona amekaa.

Domo ni suala la ukubwa tu. Jinsi mtu anavyokuzwa akawa jitu, ndivyo mdomo unavyotolewa ile m- ya mwanzo ukawa domo. Domokaya ni yule ambaye siri hailali kwake hata usiku mmoja. Gumzo lenyewe halina kosa. Likiwa gumzo la mji, maana yake kila mtu analo.

Chalii, huo uwanja mnaobishania nje yake umepewa jina la mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abeid ndiye aliyetuandikia kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kikatoka mwaka 1954. Vina na mizani vyote kavieleza humo. Mngekuwa mnabishana kwa mizani, angalau.

Chalii wa Ngarenaro

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya mizani tutaipeleka kwenye kikao.

Mama Saluni Majengo

Mimi nina la kusema, na wanaume wa humu mnivumilie.

Wanaume wakikaa kijiweni masaa manne ni mazungumzo. Sisi tukikaa saluni masaa manne, tena mikono ikiwa inafanya kazi, ni umbea. Mteja akija kusuka rasta ndogo ndogo anakaa tangu asubuhi mpaka jua linakaribia kuzama. Mnataka tukae tunaangaliana? Tunaongea. Na tunayoongea ndiyo yanayoendesha nyumba zenu: nyumba ipi ina vyumba vya kupanga na mwenye nyumba hana visirani, shule ipi inapokea ada kwa awamu, kwa Mangi yupi sukari imeshuka, daktari yupi wa watoto ana subira. Mume wangu akirudi na habari ya kiwanja kaipata kijiweni anaitwa mjanja. Mimi nikirudi na ile ile, "umeshaanza umbea wako."

Kulikuwa na kikundi chetu kimoja cha vikoba. Mweka hazina alianza kubadilika: mara hapokei simu, mara kitabu kakisahau kwa dada yake Himo. Aliyetushtua ni mteja, kichwa kikiwa nusu kimesukwa, aliposema amemwona mtu huyo anaulizia bei ya friji. Tukaenda wanne siku hiyo hiyo, fedha ikapatikana karibu yote. Mniambie, huo ulikuwa umbea au ukaguzi wa hesabu?

Lakini sitetei kila kitu. Umbea upo na naujua, maana unaingia mlangoni kwangu kila siku umevaa miwani. Kwangu mimi kipimo ni kimoja: umbea lazima uwe na mtu ambaye hayupo. Soga tunajiongelea wenyewe tulio hapa, tunataniana, tunacheka. Umbea anatajwa asiyekuwepo, na mlango ukifunguliwa akaingia, mada inageuka ghafla kuwa mvua. Mkimsikia mtu anaulizia mvua kwa nguvu katikati ya kiangazi, jueni.

Kata ya Mbege

Mama umetisha. Hiyo ya mvua nimeicheka peke yangu kwenye Hiace, konda kanitazama mara mbili.

Niongezee ya huku juu. Mimi ni mtu wa Kibosho, na kilabuni kwetu soga ina nafasi yake kwenye utaratibu, haiji kwa bahati mbaya. Mbege yenyewe, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haina haraka. Ndizi ziive, zipikwe, zikae siku kadhaa, msesewe uingie ili kupata ule uchungu, ulezi uoteshwe, usagwe, uchanganywe. Kinywaji kilichosubiriwa hivyo hukinywi umesimama. Ukifika unasalimia, unaulizwa ya nyumbani, unauliza ya kwao, mnakwenda kwa ng'ombe, kwa migomba, kwa mtoto aliyeko Dar. Kata, kile kibuyu cha kunywea, inazunguka. Jambo lililokuleta, la mpaka wa kihamba au la posa, halitajwi hata kidogo. Anayeingia na kusema "nimekuja kwa ajili ya lile deni" anaonekana hakulelewa.

Wageni wakituona wanasema hawa wamekaa tangu saa nane wanapiga porojo. Hawajui kwamba saa kumi na moja mpaka wa shamba umeshakubaliwa, na hakuna aliyepandisha sauti, kwa sababu tulishachekeshana vya kutosha kabla ya kufika huko. Posa nyingi za huku zimepita njia hiyo, mbege ikitangulia na maneno yakifuata nyuma.

Nikiri tu kwamba siku hizi kata imekuwa jagi la plastiki. Soga haijabadilika.

Dereva wa Holili

Niko njiani, nimepaki, naandika haraka.

Mpita Njia, hoja yako inaishia geti la mpakani. Mimi navuka kwenda Taveta na Voi mara kwa mara. Upande ule mtu anakwambia kabisa, "Njoo tupige porojo kidogo," na anakuvutia kiti. Porojo kwao ni urafiki. Wakitaka kukudharau wanasema unapiga domo, na wakitaka umbea wanasema mushene. Hilo mushene limeshavuka Namanga, nalisikia hadi stendi ya Arusha kwa vijana wa magari ya Nairobi.

Siku moja tajiri wangu wa huku alimpigia simu wakala wa Taveta kuuliza mbona mzigo haujapakiwa. Wakala akajibu kwa furaha, "Tulikuwa tunapiga porojo na dereva wako hapa." Jamaa alikuwa anamaanisha amenikaribisha vizuri. Niliyoyasikia kwenye simu nilipovuka kurudi siwezi kuyaandika.

Mpita Njia wa Rau

Dereva, hapo umenipa kitu. Kwa hiyo tuseme ni tabia ya porojo ya upande wetu. Lakini nikuulizeni: hata huku kuna wakati mtu anajisemea mwenyewe, "Haya, hizo ni porojo zangu tu, tusubiri wakubwa waamue." Mwalimu, hapo inakuwaje? Anajitukana?

Mwalimu Mstaafu

Hajitukani, anajikinga. Umetoa wazo kwenye kikao cha ukoo, wazo zito, kisha unalishusha mwenyewe kabla hajatokea wa kulishusha. Likikubaliwa unaonekana mnyenyekevu. Likikataliwa, hukuwa umesema kitu, zilikuwa porojo. Angalia wanaotumia mbinu hiyo: mara nyingi ni wenye akili kuliko wote kikaoni, ila umri au cheo hakiwaruhusu kusema kwa kifua.

Na hapo utaona neno hili linakaa na nani. Mwenye kiti cha mbele huwaambia wa nyuma waache porojo. Wa nyuma hawawezi kumjibu hivyo, wanasubiri watoke nje. Meneja akipita akakuta wafanyakazi wanacheka, ni porojo. Yeye na wenzake wakicheka ofisini, mlango ukiwa umefungwa, hilo tunaliheshimu na kuliita kikao.

Broka Mstaafu

Nilikuwa nasoma tu kimya kimya ila mwalimu kanigusa.

Mimi nimekula miaka kwenye biashara ya mawe Arusha. Nje ya ofisi za wanunuzi mabroka tulikuwa tunasimama kutwa, mikono mfukoni, tunaongea. Anayepita alikuwa anaona vijana wa kiume wasio na kazi. Anachokosa kuona ni kwamba tanzanite haina bei iliyobandikwa. Jiwe likitoka Mererani mara nyingi ni la rangi ya kahawia, linapashwa moto ndipo linatoa ule ubluu, na kabla halijapashwa unanunua kwa macho na kwa masikio. Kwa masikio, ndiyo. Nani kauza jana, kwa gramu kapewa ngapi, mnunuzi gani leo ana hasira, shimo lipi limekaa miezi bila kutoa kitu. Yote unayapata kwenye soga. Ukinyamaza siku tatu hujui bei, na usipojua bei unaliwa.

Kwa hiyo sisi tunayatenganisha. Stori ni habari. Kamba na fiksi ni uongo wa makusudi, mtu anakuuzia jiwe ambalo halipo. Saundi ni maneno matamu ya kumlainisha mteja, au binti. Porojo ni habari ambayo haijamwona mtu kwa macho. Kila wiki ilikuwa inaletwa porojo ya mwanaapolo, yaani mchimbaji wa Mererani, aliyetoka na jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi. Tunacheka, tunaendelea.

Halafu ikafika Juni 2020. Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, akatoa mawe mawili yenye jumla ya kilo zaidi ya 14, serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7 na ushee, na rais akampigia simu watu wote wanasikia. Kabla ya siku ile, angekuja mtu pale kijiweni na hadithi hiyo tungemwambia aende akalale. Ukuta nao ulikuwa vivyo hivyo. Septemba 2017 lilipotolewa agizo la kuzungushia machimbo ukuta, wapo waliosema hizo ni porojo, utazungushiaje eneo kubwa vile. Aprili 2018 ukazinduliwa, kilomita 24 na nusu. Waliocheka walikuwa wanazunguka nao.

Ndiyo maana wazee wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ila wasichosema ni kwamba kwenye mawe, ukinunua kila lisemwalo, utarudi nyumbani kwa miguu.

Dada wa Njiro

Jamani mbona longolongo limeachwa wakati ndilo linaloniumiza?

Nyote mnajua Desemba ya Wachaga. Nilipeleka kitenge kwa fundi cherehani wiki tatu kabla ya safari ya nyumbani. Kila nikienda kuulizia, simkuti fundi anayeogopa, namkuta mtu mwenye furaha. "Ooo dada yangu, karibu, kaa hapa, mama hajambo? Kule Marangu mvua imenyesha?" Nakaa. Ananisimulia harusi aliyoshona sare zake zote, ananionyesha picha kwenye simu, ananiuliza kuhusu watoto mmoja mmoja kwa majina. Natoka pale nimefurahi, nafika kituoni ndipo nakumbuka gauni sijaliona. Siku ya mwisho nilikataa kukaa. Nikasimama mlangoni, nikamwambia, "Fundi, leo sitaki soga, nataka gauni." Akaguna, akavuta mfuko chini ya meza. Kitenge kimekunjwa vile vile nilivyokileta, na kamba yangu juu yake.

Kwa hiyo mimi nawaambia longolongo ni porojo iliyopangiwa tarehe. Ina kesho ndani yake. "Kesho jioni", "bado vifungo tu", "umeme ulikatika". Na anayejua kazi yake anaifunga kwa soga nzuri ili usisikie inavyoingia.

Fundi yule akaniambia mwishoni, "Dada, mimi sina siasa, Jumatano unalipata." Nikajua nimekwisha, maana mtu akianza kwa kusema hana siasa ndiyo siasa yenyewe.

Kata ya Mbege

Pole dada. Ukavaa nini?

Dada wa Njiro

Gauni la mwaka juzi. Na shangazi akaliona.

Chalii wa Ngarenaro

Mwalimu, na wapiga debe? Wale stendi wanaongea kuliko sisi sote humu, tena kwa sauti, na hakuna anayewaambia wanapiga porojo.

Mwalimu Mstaafu

Kwa sababu wanalipwa. Basi likijaa wanapewa chao. Debe tupu haliachi kutika, tunajua, lakini hilo la stendi linatika kwa malipo na likishajaa abiria linanyamaza lenyewe. Neno limekua mpaka limefika kwenye kampeni: kumpigia mtu debe. Huko sasa uwe mwangalifu, maana debe na porojo wanalala chumba kimoja.

Dereva wa Holili

Mwalimu mimi naondoka, foleni imesogea. Niwaachie hili: kule Taveta nimewahi kusikia mtu akisema "porojo zimenoga". Mnaijua nyie hiyo?

Mwalimu Mstaafu

Waache wale kwa utamu wao. Huku kwetu bado hatujafika.

Chalii wa Ngarenaro

Swali la mwisho kabla sijaenda kupiga stori za kweli. Tumetaja wote wanaoongea sana. Yule asiyeweza kuongea, hasa mbele ya binti, anaitwaje kwa Kiswahili fasaha?

Mama Saluni Majengo

Domo zege. Na wengi wao nasikia wako Ngarenaro.

Chalii wa Ngarenaro

Mama! Huo sasa si umbea?

Mama Saluni Majengo

Umbea vipi mwanangu, si upo hapa hapa unasoma?